Aliyejitambua bado ana duka? Kazi na ukombozi katika falsafa ya Kihindu

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Ninafanya kazi kwenye duka la spea za magari la familia ya Kihindu hapa Mombasa. Kila asubuhi bosi wangu huwasha taa na udi mbele ya picha ya mungu Krishna, husoma beti chache za kitabu chao kitakatifu, Bhagavad Gita, kisha siku nzima huvutana bei na wateja mpaka shilingi ya mwisho. Nilimwomba kitabu chenyewe, akanipa. Nimekisoma na nimechanganyikiwa. Krishna anasema nafsi ya kweli haiui wala haiuawi, na anayeijua amekombolewa. Hapo hapo anamwambia Arjuna, mpiganaji anayezungumza naye humo, ainuke apigane. Kama ukombozi ni kujitambua, kazi ni ya nini? Na kama kazi ni lazima, wale masadhu walioacha kila kitu wanatafuta nini? Naona dini moja yenye amri mbili zinazopingana.

JIBU: Marahaba. Umesoma vizuri kuliko unavyodhani. Mgongano ulioukuta umo kweli ndani ya kitabu, na wa kwanza kuulalamikia ni Arjuna mwenyewe. Sura ya 3 inafunguka akimwambia Krishna: ikiwa unaona maarifa ni bora kuliko matendo, mbona unanisukuma kwenye tendo la kutisha hivi? Maneno yako yananivuruga, nipe jambo moja la kushika. Anajibiwa kwa sura mbili. Sura ya 5 inapoanza, anauliza lilelile: mara unasifu kuacha matendo, mara unasifu kuyatenda, lipi bora? Mtunzi angeweza kulifuta swali la pili, lakini aliliacha.

Amri hizo mbili hazikuanza na Krishna. Alizikuta.

Ya kwanza ni ya Veda za kale, dini ya moto wa kafara na nyumba yenye watoto. Maandiko hayo yanasema kuhani huzaliwa akiwa na madeni matatu. Deni la wahenga wenye hekima hulilipa kwa kusoma, la miungu kwa kutoa kafara, la mababu kwa kuzaa. Sheria za Manu, kitabu cha kale cha sheria za Kihindu, zinaongeza kwamba mwenye nyumba ndiye bora kuliko watu wa hatua nyingine zote za maisha, kwa sababu ndiye anayewalisha wote, akiwemo mtawa anayepita mlangoni na bakuli lake.

Ya pili inasikika katika Upanishadi, maandiko ya kale ya tafakari juu ya nafsi. Yajnavalkya, mwalimu mkubwa kuliko wote humo, anataka kuondoka nyumbani. Anamwita mkewe Maitreyi amgawie mali yeye na mke mwenza, Katyayani. Maitreyi anamuuliza: dunia hii nzima ikijaa mali na ikawa yangu, je, sitakufa? Anajibiwa: hapana, utaishi kama wanavyoishi wenye mali, lakini kutokufa hakupatikani kwa mali. Naye anasema: basi kitu kisichonifanya nisife nikifanyie nini? Nifundishe unachokijua. Hapo madeni matatu hayatajwi tena. Anayeijua atma, nafsi iliyo moja na Brahman, ule uhalisi wa mwisho, ametoka kwenye hesabu hizo.

Wanasheria wa dini walijaribu kuzipatanisha amri hizi kwa kugawa umri. Kwanza uwe mwanafunzi, kisha mwenye nyumba, kisha ukishaona mvi na wajukuu uhamie msituni, na mwishoni uwe sanyasi, mtawa asiye na moto wala makazi. Ndilo jibu utakalopewa na wengi ukiwauliza, na kwangu ndilo dhaifu kuliko yote. Mauti hayafuati ratiba. Tena Upanishadi ya Jabala inasema wazi kwamba siku ile ile moyo wako utakapoichoka dunia, siku hiyo hiyo ondoka, uwe umeoa au hujaoa. Na kubwa zaidi, mpangilio huo unamwacha mwenye nyumba na miaka mingi ya kazi isiyo na uzito wowote wa kiroho, kama mtu anayekaa kituoni akisubiri basi la uzeeni.

Gita inakataa kungoja. Inalishusha swali lote kwenye tendo moja, asubuhi moja. Majeshi yamejipanga kwenye uwanja wa vita wa Kurukshetra. Arjuna anamwambia mwendeshaji wa gari lake, ambaye ni Krishna, asimamishe gari katikati ya pande mbili ili aone atakaopigana nao. Anamwona Bhishma, babu yake. Anamwona Drona, aliyemfundisha kushika upinde. Anaona wajomba, binamu, marafiki. Kinywa kinakauka, nywele zinasimama, ngozi inawaka, na upinde wake, Gandiva, unamponyoka mkononi. Anakaa chini ndani ya gari.

Kuna kauli yake moja ambayo wasomaji wengi huipita. Anasema ni heri kuishi duniani kwa kuombaomba chakula kuliko kuwaua walimu hawa watukufu. Kuombaomba chakula ndiyo riziki ya sanyasi. Maana yake Arjuna hatafuti tu kukimbia vita. Anajitolea kuwa mtawa papo hapo, na hoja zake ni nzuri: ukoo utaangamia, wakubwa watauawa, ushindi wenyewe utakuwa na damu. Krishna haziiti hoja hizo za kipumbavu. Anachokataa ni chimbuko lake. Utawa huu unatoka kwenye huzuni na mtetemeko, hautoki kwenye maarifa. Angekwenda msituni na vita vyote kichwani. Sura ya 3 ina ubeti mkali juu ya mtu wa namna hiyo: anayezuia mikono na miguu isitende, huku amekaa akiyawaza moyoni yale aliyoyaacha, huyo amejidanganya, mwenendo wake ni unafiki.

Sasa tufike kwenye kiini. Mafundisho ya karma, kama Wahindu, Wabudha na Wajaini walivyoyashika kila mmoja kwa namna yake, yanasema tendo huacha alama, alama hudai malipo, malipo hudai maisha mengine. Ukiishia hapo, hitimisho ni rahisi: punguza matendo mpaka yaishe. Watawa wa Kijaini walilifuata hitimisho hilo mbali sana. Krishna analikata kwa hoja ya kawaida kabisa: haiwezekani. Hakuna mtu anayekaa hata nukta moja bila kutenda, na hata mwili wenyewe hausimami bila kazi. Unapumua, unakula, unawaza. Kukaa kimya pia umekuchagua, na kuna matokeo yake.

Kama huwezi kuacha kutenda, na kama kila tendo linafunga, basi hakuna anayekombolewa. Ndiyo maana Krishna anahamisha lawama. Kinachofunga, anasema, hakimo ndani ya tendo. Kimo ndani ya dai linaloambatana nalo: ni mimi niliyetenda, na tunda ni langu. Maumbile yanatenda, mwili, hisia, akili, hulka ulizozaliwa nazo, na mtu aliyepotoshwa na umimi anasema “mtenda ni mimi”. Ndipo zile amri mbili zinapokutana. Kujijua kwamba atma haitendi, na kutenda kazi iliyo mbele yako, havigombani, kwa sababu vinahusu vitu viwili tofauti. Mikono iendelee. Dai ndilo likome.

Msomaji Mwislamu hapa atakumbuka habari ya nia, na Mkristo atawakumbuka Martha na Mariamu. Ni sawa, lakini msikimbilie kusema ni jambo lilelile. Nia inauliza unamfanyia nani. Gita nayo inauliza hivyo, tena sana, kisha inapiga hatua nyingine ambayo dini zetu za pwani haziipigi kwa namna hii: inamuuliza mtendaji kama kweli yupo pale anapodhani yupo.

Ubeti unaonukuliwa kuliko yote ni wa 47 katika sura ya 2. Una sehemu nne, na watu huishia ya pili. Una mamlaka juu ya kazi tu. Huna kamwe juu ya matunda yake. Usifanye matunda yawe ndiyo sababu ya kutenda. Wala usishikamane na kutotenda. Nimewasikia mameneja wakiunukuu kwa wafanyakazi wanaodai mishahara yao, na huo ni uhuni. Ubeti haumwambii mtu asilipwe. Hauruhusu kazi ovyo pia, maana beti tatu mbele Krishna anasema yoga ni ustadi katika matendo, na sura ya 18 inamweleza mtendaji bora kuwa ni mwenye uthabiti na ari ambaye hatikisiki kwa kufaulu wala kushindwa. Ari ipo. Kilichoondoka ni ile homa.

Kwa hiyo kuhusu bosi wako na bei zake, simjui mtu mwenyewe na siwezi kumhukumu. Lakini kuvutana bei peke yake hakumtoi kwenye Gita. Mali halali ni mojawapo ya malengo manne ya maisha ambayo Uhindu unayatambua, pamoja na wajibu, raha na ukombozi. Mweka hazina wa chama cha kuzikana huhesabu mpaka senti, na hakuna anayemwona mchoyo, kwa sababu fedha si zake na yeye anajua si zake. Mtazame bosi wako siku mteja mkubwa anapomkimbia, au siku mzigo unapokwama bandarini. Hapo ndipo utajua kama zile beti za asubuhi zimeingia au zimeishia kwenye moshi wa udi.

Bado unaweza kuuliza: sawa, nitatenda bila kudai, lakini kwa nini nitende kabisa kama sina ninachokitaka? Krishna anajibu kwa kujitaja mwenyewe. Katika malimwengu yote matatu, anasema, sina jambo ninalopaswa kulifanya wala kitu nisichonacho cha kukipata, na bado nipo kazini. Nikiacha, watu watanifuata na dunia itasambaratika. Anamtaja na Mfalme Janaka wa Mithila, aliyefikia ukamilifu kwa matendo, na anatumia neno ambalo baadaye lilibebeshwa mzigo mkubwa wa kisiasa: lokasangraha, kuishikilia jamii isivunjike. Anayejua atende kama anavyotenda asiyejua, kwa bidii ileile, tofauti ikiwa kwamba yeye anautakia ulimwengu usimame. Na kuna kauli fupi ambayo ningependa ibandikwe jikoni: wanaojipikia wenyewe tu wanakula dhambi.

Nadharia ikifika hapo huwa naipeleka sokoni, kwa sababu Mahabharata, utenzi mkubwa ambao Gita ni kipande chake, una kisa kinacholifundisha jambo hili bila istilahi hata moja.

Brahmini mmoja, yaani mtu wa tabaka la makuhani, jina lake Kaushika, ameketi chini ya mti akisoma Veda. Korongo juu ya tawi anamdondoshea kinyesi. Kaushika anainua macho kwa hasira, na ndege anaanguka amekufa. Hizo ndizo nguvu alizozipata kwa miaka ya kujinyima. Anajuta kidogo, kisha anakwenda kijijini kuomba chakula. Mama mmoja anamwambia ngoja, anasafisha chombo. Mara mumewe anaingia na njaa. Mama anamsahau mwombaji mlangoni, anampa mumewe maji ya kunawa miguu, kiti, chakula, mpaka anamaliza. Ndipo anakumbuka, anatoka kwa aibu na sadaka mkononi. Kaushika anachemka. Mama anamtuliza kwa maneno haya: mimi si korongo, mtukufu, punguza hasira.

Amejuaje? Msituni hapakuwa na mtu. Mama hamwelezi sana. Anamwambia una elimu, lakini wajibu hujaujua, nenda Mithila ukamtafute muuza nyama mmoja, atakufundisha.

Brahmini kwenda kufundishwa na muuza nyama! Kwa msikilizaji wa zama hizo hilo ni tusi. Kaushika anakwenda. Anamkuta mtu huyo buchani, amesimama katikati ya nyama ya swala na nyati, wateja wamemzunguka, naye brahmini anasimama pembeni kwa sababu ya msongamano. Muuza nyama anatoka, anamwamkia, anamwambia najua yule mama amekutuma, lakini mahali hapa hapakufai, twende nyumbani. Huko anamweleza maisha yake. Biashara ni ya ukoo. Mwenyewe haui, anauza walichoua wengine, wala hali nyama. Anasema kweli, hana wivu, anatoa anachoweza, na anaishi kwa kinachobaki baada ya miungu, wageni na wanaomtegemea. Mazungumzo yanakwenda mbali, mpaka kwenye nafsi na hisia na maumbile. Kisha anamwonyesha vyumba vya ndani. Wazazi wake wazee wamekaa kwenye viti vizuri, wamekwisha kula, wamevaa nguo nyeupe. Hawa ndio miungu yangu, anasema. Na wewe uliwaacha wako bila ruhusa kwenda kusoma Veda, wamekuwa vipofu kwa kukulilia. Rudi nyumbani.

Nakipenda kisa hiki kwa sababu hakimsifu muuza nyama kwa kuwa anafanya kazi, wala hakimlaumu mtawa kwa kuwa mtawa. Kosa la Kaushika lilikuwa lilelile alilotaka kulifanya Arjuna: aliiacha dunia akabaki na hasira.

Lakini Mahabharata haimwachii mwenye nyumba ajisifu nayo. Yule Mfalme Janaka anayetajwa na Krishna kama mfano anatikiswa vibaya sehemu nyingine ya utenzi huohuo. Mtawa wa kike aitwaye Sulabha anasikia kwamba kuna mfalme aliyekombolewa huku amekaa kwenye kiti cha enzi. Anakwenda kumpima. Anajigeuza msichana mzuri, na kwa nguvu za yoga anaingia ndani ya nafsi ya mfalme. Janaka anajigamba: mtu akinipaka msandali mkono wa kuume na mwingine akinikata wa kushoto, kwangu wawili hao ni sawa. Halafu anaanza kumkaripia mgeni. Wewe ni nani? Wa nani? Umetoka wapi? Wa tabaka gani hata uchanganyike nami? Sulabha anamjibu kwa utulivu kwamba aliyekombolewa kweli hana haja ya kuuliza “wewe ni wa nani”. Anamwonyesha pia kwamba mfalme si huru hata kidogo: akitaka kulala kuna shauri, akitaka kuoga anaambiwa, anaishi kwa amri za anaowaamuru. Mwishoni mfalme ananyamaza, hana la kujibu. Kwa wanaopenda kusema “mimi niko kazini lakini moyo wangu uko kwa Mungu”, huyu mama ni mtihani mzuri kuliko fafanuzi nyingi nilizosoma.

Wafafanuzi wenyewe hawakukubaliana, na usidanganywe na anayekuambia Uhindu una jibu moja. Shankara, aliyeishi takriban karne ya 8, alishikilia kwamba tendo haliwezi kuleta ukombozi kamwe. Tendo lina uwezo wa mambo manne tu: kutengeneza kitu kisichokuwepo, kukufikisha usipokuwa, kugeuza, au kusafisha. Ukombozi haumo katika hayo, maana atma ipo tayari na haijawahi kufungwa. Inahitaji kujulikana tu. Basi kwake kazi isiyodai matunda ni ya kusafisha akili, na akili ikishatakata, kazi hiyo imemaliza jukumu lake. Arjuna aliambiwa apigane kwa sababu alikuwa bado hajafika. Na Janaka? Shankara anatoa njia mbili: kama alikuwa amejua, matendo yake yalikuwa mabaki ya karma iliyokwisha kuanza kuzaa. Kama hakuwa amejua, alikuwa akijisafisha. Ni akili kali, lakini mimi huona hapa anaibana Gita iingie kwenye mfumo wake. Kitabu kinasema Janaka alifikia ukamilifu kwa matendo, na kinalisema kama sifa.

Ramanuja, katika nchi ya Watamil kwenye karne ya 11 na ya 12, alikataa. Ulimwengu kwake si kivuli, ni halisi, ni kama mwili wa Mungu. Kazi ni ibada, na wajibu wa kila siku unaendelea mpaka siku ya kufa, kwa sababu unaisaidia tafakari na mapenzi kwa Mungu. Hakuna hatua unayofika ukaitupa. Bosi wako na picha yake ya Krishna, kwa ladha, yuko karibu zaidi na upande huu kuliko wa Shankara, kama walivyo Wahindu wengi wa kawaida.

Karne ya 20 ikalichukua swali ikalipeleka jela. Bal Gangadhar Tilak, mpigania uhuru aliyefungwa na Waingereza huko Mandalay, Burma, kuanzia 1908 hadi 1914, aliandika gerezani kitabu kinene kwa Kimarathi akidai kwamba Shankara alikosea: Gita inafundisha kutenda hata baada ya kujitambua, hasa baada ya kujitambua. Kilitoka mwaka 1915 na vijana wa siasa walikisoma kwa hamu. Gandhi alikubali sehemu ya kutenda, akakataa sehemu ya vita. Kwake Kurukshetra iko ndani ya moyo, na asiyedai matunda hawezi kuua, kwa kuwa mauaji huzaliwa na tamaa ya tokeo fulani. Tafsiri yake ya Kigujarati ilitoka mwaka 1930.

Kisha tarehe 30 Januari 1948 Gandhi akauawa, na muuaji wake, Nathuram Godse, alipojitetea mahakamani aliwataja Rama, Krishna na Arjuna kama waliolazimika kuua kwa ajili ya haki.

Hapo lazima nisimame, maana jibu lote nililokupa lina mlango wa hatari. Sura ya 18 ina ubeti usemao kwamba asiye na umimi, ambaye akili yake haijachafuka, hata akiwaua watu hawa, haui wala hafungwi. Mpe ubeti huo mtu mwenye chuki na utaona atakachoufanyia. Wanaoitetea Gita husema kitabu kina breki zake, na zipo. Sura ya 6 inamwita yogi wa juu kabisa yule anayeona raha na uchungu wa kila kiumbe kwa kujipima mwenyewe. Sura ya 16 inamchora mtu wa kishetani kwa maneno ya kinywa chake: leo nimepata hiki, tamaa ile nitaitimiza, adui huyu nimemuua na wengine nitawaua, mimi ndiye bwana. Anayesema “si mimi ninayetenda” huku anahesabu maadui amejisomea sura ya 16, hajaifikia ya 18. Nakubali hoja hiyo. Hata hivyo breki ziko mikononi mwa dereva yuleyule, na hilo kitabu hakilitatui.

Kuna na jambo la tabaka. “Wajibu wako mwenyewe, hata ukiutenda kwa kasoro, ni bora kuliko wa mwingine ukiutenda vizuri.” Leo bosi wako anaweza kuusoma ubeti huu kama wito wa kila mtu kwa kipaji chake. Kwa karne nyingi ulimaanisha kazi ya ukoo uliozaliwa nayo, hata iwe ya kuzoa kinyesi. Muuza nyama wa Mithila mwenyewe anasema yuko buchani kwa sababu ya karma ya maisha yaliyopita. B. R. Ambedkar, aliyezaliwa miongoni mwa walioitwa wasioguswa na baadaye akaongoza kamati iliyoandika rasimu ya katiba ya India, aliishutumu Gita kwa hili, na Desemba 1927 aliongoza kuchomwa kwa Sheria za Manu hadharani. Kumwambia mtu afanye kazi bila kudai matunda ni fundisho moja akiwa mfalme, na ni lingine akiwa hana ruhusa ya kuchota maji kwenye bwawa la mji.

Nimalize na masadhu, maana uliwauliza. Gita haiwafukuzi. Inasema njia zote mbili zinafikisha, ila ya kutenda ni bora, kisha sura ya 6 inapoanza inasema anayetenda kazi yake bila kuegemea tunda ndiye sanyasi, siyo yule aliyezima tu moto wa nyumbani. Wengine wao bado wanaishi kama Yajnavalkya, mapangoni na kando ya mito, na kwa wafuasi wa Shankara hao wamefika mwisho wa njia ambayo sisi wengine tumo katikati yake. Wengine waligeuka. Mwaka 1897 Swami Vivekananda alianzisha Ramakrishna Mission, ambako watawa wenye kanzu za rangi ya machungwa wanaendesha hospitali na shule na kugawa chakula wakati wa njaa na mafuriko. Baadhi ya watawa wenzake, waliokaa miguuni pa mwalimu yuleyule, walimpinga usoni: Ramakrishna alitufundisha kumtafuta Mungu, haya ya zahanati umeyatoa nchi za Magharibi. Vivekananda hakurudi nyuma, na mpaka leo ukiingia kwenye monasteri zao utamkuta mtawa wa zamu ya wagonjwa na mtawa wa tafakari, kila mmoja akiwa na beti zake za kumjibu mwenzake.